Baridi ya Juni Hula Bomba la Moshi la Gari Lako kwa Ndani

Mvua za masika zinapokwisha mwishoni mwa Mei, baridi huanza kushuka juu ya vilima vya Machakos. Tangu Juni mpaka Agosti mawingu hutanda kutwa, ukungu hulala juu ya Mua na Iveti, na manyunyu huanguka asubuhi bila ya kutosha kuitwa mvua. Mji wa Machakos uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya skimu ya Mua, yaliyogawiwa wakulima katika miaka ya 1960, yako juu zaidi. Huko, alfajiri ya mwezi wa Julai, kipimo cha joto huweza kushuka mpaka nyuzi 12 za Selsiasi au chini ya hapo.

Wewe mkulima wajua vema baridi hiyo inavyokusumbua shambani. Ndama huhitaji matandiko makavu, na viazi na nyanya hushikwa upesi na ugonjwa wa ukungu. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba baridi hiyo hiyo huharibu pia chombo kinachopeleka mazao sokoni, yaani pikapu, gari dogo au trekta. Na sehemu inayoumia zaidi ndiyo ile isiyotazamwa na mtu: bomba la moshi pamoja na sailensa yake, huko chini ya gari.

Makala haya yaeleza kwa nini baridi huozesha bomba la moshi, kwa nini tundu dogo la bomba hilo laweza kumwua mtu, na mambo ambayo mwenye gari aweza kuyafanya mwenyewe kabla hasara haijaingia.

MAJI YATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba bomba la moshi huoza kwa sababu ya matope na mvua ya barabarani tu. Matope yana sehemu yao, lakini adui mkubwa yumo ndani ya bomba lenyewe. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Petroli na dizeli zimefanywa kwa kaboni na haidrojeni. Mafuta yanapoungua ndani ya injini, haidrojeni hushikana na oksijeni ya hewa, na matokeo yake ni maji. Haya si maji machache. Kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji. Huyaoni kwa sababu hutoka yakiwa mvuke pamoja na moshi.

Sasa fikiri mfuniko wa sufuria ya ugali. Mvuke ukigusa mfuniko wa baridi, hugeuka matone na kuteremka. Bomba la moshi hufanya vivyo hivyo. Bomba likiwa chini ya nyuzi 50 hivi, mvuke ulio ndani ya moshi hugeuka maji na kulowesha chuma kwa ndani. Bomba likiwa moto sana, mvuke wote hupita na kutoka nje. Kwa hiyo gari lililoamka katika baridi ya nyuzi 12 huanza safari yake na bomba lililolowa, na hukaa hivyo kwa muda mrefu kuliko gari lililoamka Mombasa.

Tena maji hayo si safi kama ya mtungi. Moshi una hewa ya kaboni na ya naitrojeni, na salfa kidogo inayotoka katika mafuta. Vitu hivyo vikichanganyika na maji huwa asidi, yaani maji makali yanayokula chuma. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo sana kuliko ile ya zamani, na jambo hilo limesaidia. Hata hivyo asidi haikwisha kabisa, na maji yako pale pale.

SAFARI FUPI NDIZO ADUI

Tuseme shamba lako liko kilomita nne kutoka kituo cha kupokea maziwa. Kila asubuhi wapakia mikebe, wawasha pikapu, wapeleka maziwa, na kurudi nyumbani. Kwenda tu, injini imekwisha kuchoma karibu nusu lita ya mafuta, maana injini baridi hula zaidi. Hiyo ni karibu nusu lita ya maji iliyopita katika bomba. Sehemu kubwa imetoka nje, lakini sehemu nyingine imebaki ndani ya sailensa, ambako ni mbali na injini na ndiko kunakochelewa kupata moto. Kabla sailensa haijapata moto wa kutosha kukausha maji yale, umefika kituoni na kuzima injini. Kisha bomba lapoa, na maji yakaa ndani yakila chuma mpaka safari ya pili.

Fanya hivyo kila siku kwa miezi mitatu ya baridi, na utaona sababu ya sailensa kutoboka upande wa chini, mahali maji yanapotulia. Jirani yako aendaye mbali, mathalani kutoka Machakos mpaka Nairobi na kurudi, aweza kuendesha kilomita nyingi kuliko wewe na bado bomba lake likadumu zaidi. Bomba lake hupata moto sawasawa na kukauka kila siku.

Dawa yake si kuacha injini inguruma nusu saa nzima uani. Injini ikinguruma bila ya gari kwenda, hutoa joto dogo, na sailensa ya nyuma hukaa baridi huku maji yakizidi kuingia. Ni kupoteza mafuta bure. Washa injini, ngoja kama nusu dakika mpaka dakika moja ili oili izunguke, kisha ondoka polepole bila ya kukanyaga mafuta kwa nguvu mpaka injini ipate moto.

Dawa ya kweli ni kuunganisha safari. Badala ya kwenda kituo cha maziwa asubuhi, duka la mbolea saa nne na sokoni saa nane, panga mambo yako ili safari hizo tatu ziwe moja. Na walau mara moja kwa juma liendeshe gari mfululizo kwa muda wa nusu saa, kama vile kuteremka toka Mua mpaka mjini na kurudi. Safari hiyo hukausha bomba lote.

GARI LILILOTOKA NCHI ZA THELUJI

Magari mengi tunayonunua yalitumika kwanza katika nchi nyingine, hasa Japani, na mengine Uingereza. Huko baridi si kama yetu. Katika miezi ya baridi kali theluji na barafu hufunika barabara, na wenyeji humwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu mpaka chini ya gari, na chumvi na maji pamoja ni kutu ya haraka. Bomba la moshi huliwa kwa ndani na maji ya injini, na kwa nje na chumvi ya barabara.

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Lakini miaka minane katika mahali pa theluji, kama kisiwa cha Hokkaido kaskazini ya Japani, yatosha kabisa kuharibu chuma. Rangi ya juu yaweza kung'aa kama mpya na huku chini kumeoza.

Kwa hiyo unapokwenda kununua gari, usiridhike na kutazama viti na redio. Inama utazame chini. Tazama bomba lote, vishikio vyake na fremu ya gari. Kama umeona kutu yenye magamba yanayobanduka, mwulize fundi unayemwamini kabla ya kutoa fedha yako.

TUNDU DOGO, SUMU KUBWA

Mkulima aweza kusema, "Bomba likitoboka litapiga kelele tu, na kelele haziui." Hapo ndipo penye hatari kubwa. Kazi ya bomba si kupunguza kelele peke yake. Kazi yake ya kwanza ni kuuchukua moshi na kuutoa nyuma, mbali na watu.

Ndani ya moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ikijaa sumu hiyo, haina nafasi tena ya kubeba oksijeni mpaka kwenye ubongo na moyo. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, hulegea, kisha husinzia. Mwenye kusinzia namna hiyo asipotolewa nje aweza asiamke tena.

Sasa angalia jinsi baridi inavyozidisha hatari hii. Kwanza, injini baridi hutoa sumu hiyo nyingi kuliko injini iliyopata moto, kwa sababu hupewa mafuta mengi na hayaungui yote. Pili, magari mengi ya siku hizi yana chombo cha kusafisha moshi kilichofungwa katika bomba, lakini chombo hicho hakifanyi kazi mpaka kipate moto wa nyuzi 250 au 300 hivi. Tatu, ni asubuhi hiyo hiyo ya baridi ambapo abiria hufunga madirisha yote. Basi sumu ni nyingi, bomba limetoboka, na madirisha yamefungwa. Mambo haya matatu yakikutana, moshi huingia kwa chini kupitia matundu ya sakafu, na watu waliomo hawana habari.

Gari dogo la mizigo, kama Toyota Probox, huwa na hatari yake ya pekee. Mara nyingi hupakiwa magunia na matunda mpaka mlango wa nyuma haufungiki, ukafungwa kwa kamba nusu wazi. Gari likienda, upepo hufanya mzunguko pale nyuma na kuuvuta moshi kuingia ndani. Vivyo hivyo pikapu iliyofunikwa turubai, yenye watoto waliokaa nyuma. Ikiwa huna budi kuacha mlango wa nyuma wazi, fungua madirisha ya mbele, hata kama ni baridi. Baridi hufukuzwa na koti. Sumu haifukuzwi na koti.

Hatari hii imewaua watu katika nchi zilizoendelea sana. Mwezi wa Januari 2016 theluji nyingi ilianguka mashariki ya Marekani. Katika mji wa Passaic, mama mmoja na watoto wake wawili walikaa ndani ya gari lililowashwa ili wapate joto, wakati baba akiondoa theluji nje. Mwisho wa bomba ulikuwa umezibwa na theluji, na moshi ukarudi ndani ya gari. Mama na watoto wote wawili wakapoteza maisha. Kwetu Machakos hakuna theluji, lakini kuna tope. Gari likirudishwa nyuma kwenye ukingo wa udongo au likizama matopeni, mwisho wa bomba waweza kuzibwa vile vile. Uzibue kabla ya kuwasha injini.

MASHINE NDOGO ZA SHAMBANI

Usidhani kwamba sumu hii ni ya magari tu. Injini ndogo ya petroli inayoendesha pampu ya maji, jenereta, au mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe hutoa sumu hiyo hiyo, na mara nyingi hutoa nyingi, maana haina chombo cha kusafisha moshi. Wakati wa baridi na manyunyu mtu hupenda kuiingiza mashine ndani ya banda, kufunga mlango, na kufanya kazi yake pasipo kulowa. Usifanye hivyo kamwe. Sumu yaweza kujaa banda lililofungwa kwa dakika chache tu. Mashine ifanye kazi nje, chini ya paa lisilo na kuta, na moshi uelekee mbali na nyumba na zizi.

Injini ya dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko ya petroli, lakini moshi wake si wa kuchezewa. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa wanadamu.

Na kwa kuwa tunazungumza juu ya baridi, kumbuka pia jiko la makaa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ile ile. Usilale na jiko lenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama makaa yaonekana yamefifia.

UKIONA DALILI ZA SUMU

Katika miezi ya baridi watu hushikwa na mafua na homa, na kwa hiyo ni rahisi kukosea. Lakini kuna alama za kukusaidia. Ikiwa watu wote waliomo garini au bandani waumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wapata nafuu, si homa hiyo. Ni moshi.

Mtoe mgonjwa upesi mahali penye hewa safi. Zima injini, fungua milango, mlegeze nguo za shingoni. Kama mtu ameanguka ndani ya chumba kilichojaa moshi, usiingie peke yako na kukaa humo ukimtafuta. Ita watu, fungua milango na madirisha kwanza, kisha mtoeni haraka. Mpelekeni hospitali, kama vile hospitali ya Machakos Level 5, hata akisema amepona, na mwambieni daktari kwamba alivuta moshi. Dawa yake ni oksijeni, na daktari hawezi kuitoa mapema asipojua sababu.

RANGI YA MOSHI YASEMA NINI?

Asubuhi ya baridi moshi mweupe mwepesi unaotoka nyuma na kupotea mara moja hewani ni mvuke wa maji tu. Matone machache yanayodondoka mwisho wa bomba ni maji yale yale tuliyoyaeleza. Usiogope, na usimpe fundi fedha kwa ajili hiyo.

Lakini moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiisha kupata moto, hasa ikiwa maji ya rejeta yapungua, ni dalili kwamba maji ya rejeta yaingia ndani ya injini. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua yote, na mara nyingi sababu yake ni kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Injini ya dizeli yaweza kutoa moshi mweupe kidogo inapoamka katika baridi, na hiyo si kasoro mradi ukome baada ya muda mfupi.

JINSI YA KUKAGUA BOMBA

Kazi hii yafaa ifanywe mwezi wa Mei kabla ya baridi kuanza, na tena mwezi wa Septemba ikiisha. Ifanye gari likiwa limepoa, maana bomba la moto huunguza vibaya.

Weka gari mahali tambarare na uweke mawe kwenye magurudumu. Ikiwa wataka kuliinua, usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara au magogo mazito. Jeki ikiteleza, hutapata nafasi ya kujuta.

Tazama kwanza mahali bomba linapofungwa kwenye injini, kisha kila kiungo mpaka mwisho. Masizi meusi kando ya kiungo ni alama kwamba moshi unavuja hapo. Gonga bomba na sailensa kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, bali kilichooza hutoa sauti butu. Tikisa bomba usikie kama kuna vipande vilivyoanguka ndani ya sailensa. Tazama raba zinazoning'iniza bomba. Raba moja ikikatika, bomba hucheza na kuvunjika kwenye kiungo.

Mwishowe toka chini ya gari, mwambie mtu awashe injini ikiwa bado baridi. Chukua tambara nene lenye unyevu, uzibe mwisho wa bomba kwa sekunde mbili au tatu tu. Bomba zima litasukuma tambara kwa nguvu. Bomba lililotoboka litatoa mlio wa kuvuja mahali pengine, na hapo utajua penye tundu. Fanya haya nje penye upepo, wala si ndani ya banda.

KUTENGENEZA KWA NJIA ILIYO SAWA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo likitengenezwa mapema ni kazi ya muda mfupi kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Likiachwa, utanunua sailensa nzima. Lakini yakupasa kujua mambo manne kabla ya kumpa fundi gari.

La kwanza, mkebe uliokatwa na kufungwa kwa waya si matengenezo. Wapunguza kelele na kukuficha hatari, huku moshi ukiendelea kuvuja.

La pili, chuma kilichooza hakishiki. Fundi mwema hukata sehemu mbovu mpaka afikie chuma kizima, kisha huchomelea kipande kipya. Akiweka kiraka juu ya kutu, kitaanguka kabla mwaka haujaisha.

La tatu, kabla ya kuchomelea kwa umeme, waya wa betri ufunguliwe ili vyombo vya umeme vya gari visiungue. Afadhali bomba liondolewe kabisa na kuchomelewa mbali na tangi la mafuta.

La nne, sailensa nyingi hutengenezwa kiwandani zikiwa na kitundu kidogo sana upande wa chini. Kitundu hicho si kasoro. Kimewekwa makusudi ili maji yateremke na kutoka. Fundi asiyejua hukiziba akidhani anasaidia, na sailensa hujaa maji. Mwonyeshe na umwambie akiache.

Wala usikubali fundi akuondolee chombo cha kusafisha moshi kwa ahadi ya kwamba gari litapata nguvu. Kina madini ya thamani ndani yake, na wako watu wanaokitaka kwa ajili ya kukiuza. Kikiondolewa, sumu yote hutoka bila ya kupunguzwa. Na ukinunua bomba jipya, uliza kama ni la chuma kisichoshika kutu. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa gari la safari fupi hudumu muda mrefu kuliko la chuma cha kawaida.

TREKTA LINALOLALA NJE

Trekta nyingi zina bomba linalosimama wima mbele ya dereva. Bomba hilo ni kama kikombe kilichowekwa nje usiku. Umande na manyunyu huingia moja kwa moja, na maji yakiteremka mpaka kwenye vali za injini huleta kutu mahali ambapo matengenezo yake ni ghali. Baada ya kulima Machi na Aprili trekta huweza kukaa wiki nyingi bila ya kazi, na hiyo ndiyo miezi ya baridi yenyewe.

Ikiwa bomba la trekta yako lina kifuniko kinachojifunga, kitie oili kidogo kwenye bawaba ili kisikwame. Ikiwa halina, lifunike kila jioni kwa mkebe mtupu, na funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili ukumbuke kuuondoa mkebe kabla ya kuwasha. Mara moja kila wiki mbili liendeshe trekta mpaka lipate moto kamili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kagua bomba la moshi mwezi wa Mei na mwezi wa Septemba.
2. Unganisha safari fupi, na uendeshe gari nusu saa mfululizo walau mara moja kwa juma.
3. Usiwashe injini yoyote ndani ya banda au chumba kilichofungwa.
4. Usisafirishe watu katika gari lenye bomba lililotoboka. Likitoboka, fungua madirisha uende kwa fundi peke yako.
5. Usizibe kitundu cha maji kilicho chini ya sailensa.
6. Funika bomba la trekta usiku, na ondoa kifuniko kabla ya kuwasha.
7. Watu wote wakiumwa kichwa garini, simama, shukeni wote, na mwende hospitali kwa gari jingine.

Asubuhi moja ya siku isiyo na kazi nyingi yatosha kwa ukaguzi huu. Ufanye kabla ya ukungu wa Juni kufika Mua, na uwaonyeshe vijana wa nyumbani wanaoendesha gari hilo, maana mara nyingi ndio wanaoliwasha alfajiri wakati wewe uko zizini ukikama.